Nusu Saa za Timboni

Jumamosi saa tatu asubuhi, Mbeyu Ziro alikuwa ameketi kwenye meza ya plastiki mlangoni mwa nyumba yao, Mtopanga, akitia mabano kwenye kompyuta. Mamake, Winfred, alikuwa uani akikaanga mahamri. Babake, Mzee Ziro, alikuwa chumbani akikohoa. Kikohozi chake kilikuwa na mpango wake: mara tatu fupi, kimya, kisha mara moja ndefu iliyomtoa machozi. Mbeyu alikuwa amekizoea hata vidole vyake vikawa vinasimama na kuanza tena kwa kukifuata.

Kazi ile hakulipwa na mtu. Ilikuwa programu huria ya hesabu iitwayo Kokotoa, iliyotunzwa na watu kama kumi na watano waliotawanyika duniani, wengi wao hawajapata kuonana. Walimu waliitumia kuchora grafu, wanafunzi kutatua milinganyo, na yeyote aliyetaka aliruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuigeuza apendavyo. Iliandikwa zamani kwa toleo la pili la lugha moja ya kompyuta, na lugha hiyo sasa ilikuwa imefika toleo la tatu. Toleo la pili liliachwa bila mtunzaji. Kompyuta mpya za mashuleni hazikulielewa tena. Basi wale watu waligawana faili, kila mmoja ahamishe fungu lake. Mbeyu, ambaye siku za kazi alishughulikia kompyuta za hoteli moja kule Shanzu tangu alfajiri hadi saa nane mchana, alijitwalia fungu la kugawanya, kwa sababu sehemu yake moja aliiandika mwenyewe alipokuwa chuoni.

Kazi ya kuhamisha haikuwa ngumu, ilikuwa ndefu tu. Neno la kuchapisha, lililosimama peke yake katika toleo la pili, lilitaka mabano katika la tatu. Mabano yakiisha, kilichobaki kilikuwa mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama inayoiambia kompyuta igawanye. Toleo la pili, likipewa namba nzima mbili, liligawanya kisha likatupa kilichozidi: saba kwa mbili ilikuwa tatu. Toleo la tatu lilisema tatu na nusu. Aliyetaka mambo yabaki kama zamani aliandika mikwaju miwili badala ya mmoja.

Saa nne kasoro, Mbeyu alifika kwenye sehemu aliyoiita Saa za Kazi. Palikuwa na jaribio moja la kuipima, lililoongezwa na mtu mwingine baadaye, nalo sasa lilikuwa likifeli. Lilitumia dakika mia tano na kumi, yaani tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na nusu, ukitoa saa moja ya chakula. Toleo la pili lilisema saa nane. Toleo la tatu lilisema nane na nusu.

Aliondoa mikono mezani.

Sehemu ile aliiandika akiwa na miaka ishirini na moja, alipopelekwa na chuo kufanya mazoezi ya kazi katika ofisi ya timbo moja la mawe kule Mwakirunge. Nafasi aliipata kwa sababu babake alikuwa mchongaji wa mawe pale na alimwombea kwa karani. Kampuni ilitaka mashine ya langoni: mfanyakazi aguse kadi akiingia, aguse akitoka, kompyuta ikokotoe saa zake. Mbeyu alichukua Kokotoa, akaandika mistari kumi na minne, na mashine ikafanya kazi siku ileile. Mzee Ziro aliwaambia watu wote timboni kwamba mashine ya langoni ni ya binti yake. Kila jioni aligusa kadi kwa mkono wa kulia, kama anayempa mtu mkono. Aliigusa miaka minane, mpaka vumbi lilipomjaa kifuani na kampuni ikamwambia apumzike.

Mbeyu alimpigia simu Jacktone. Jacktone alifanya kazi katika yadi ya makontena Changamwe, na ndiye aliyesoma mabadiliko ya wenzake na kuyapitisha.

"Weka miwili tu, Mbeyu," Jacktone alisema. "Matokeo yabaki vile yalikuwa. Watu washazoea, si ndiyo?"

"Hizi ni dakika za watu, Jacktone."

"Za nani?"

"Za baba."

Jacktone alibana simu sikioni. Nyuma yake winchi ilikuwa ikilia. "Basi weka mmoja," alisema. "Nitapitisha Jumatatu saa ya lanchi."

Mbeyu aliweka mmoja. Mamake alimletea mahamri mawili na chai, akamwuliza mbona hali. Alisema atakula.

Jumatatu saa saba na dakika ishirini, Jacktone alipitisha badiliko lile. Saa kumi kamili Mzee Ziro aliamka, akavaa viatu, akatoka uani, akavuta pumzi mpaka mwisho wake.

Winfred alikuwa akichambua mchicha. Alimtazama mumewe kutoka miguuni hadi kichwani. Shati lilimkaa vizuri mabegani, kama lilivyomkaa kabla hajapungua. Kidole chake cha shahada, kilichopondwa na jiwe mwaka wake wa nne pale timboni, kilikuwa kizima, na ukucha wake.

"Umepona, Baba Mbeyu?"

"Sijui. Kifua kimefunguka."

"Basi kabla hakijafunga, nisaidie mitungi ile ya maji."

Mzee Ziro alibeba mitungi miwili kutoka bombani, mmoja kila mkono. Akarudi kubeba miwili mingine. Akafunga bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea tangu Krismasi. Kisha akamwinua Winfred kutoka kwenye kibao pamoja na ungo wake wa mchicha, akamzungusha mara moja, akamweka chini polepole. Winfred alimwambia aache ujinga, majirani wanaona. Majirani walikuwa wakiona, naam, lakini walikuwa na mambo yao. Saa kumi na nusu Mzee Ziro alikuwa katikati ya ua na mtungi wa tano. Aliuweka chini, akaketi kando yake, akakohoa mara tatu fupi. Kidole kilikuwa kimepondeka tena. Mbeyu na mamake walimshika huku na huku wakamrudisha kitandani.

Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo. Ilikuwa vivyo hivyo kila siku isipokuwa Jumapili, kwa kuwa Jumapili timbo halikufunguliwa.

Mtopanga walikuwako wazee tisa waliowahi kuchonga mawe katika timbo lile, na wote walipata nusu saa zao, zile ambazo mashine ilizitupa. Kadenge, ambaye magoti yake hayakukunjika tena, alikuwa akipanda juu ya paa lake saa kumi na kushuka saa kumi na dakika ishirini na tano, na baada ya wiki moja paa halikuvuja. Mzee mwingine aliamua kulala tu, kwa sababu hizo ndizo dakika pekee alizoweza kulala chali. Mchungaji alisogeza maombi ya Jumatano kutoka saa kumi na moja hadi saa kumi, ili wazee waweze kuimba sauti ya chini, na kwaya ikasifiwa mpaka Kisauni.

Tsofa, mwenzao wa timboni, naye alipata zake, ingawa alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Shida ni kwamba alizikwa kwao Bamba, na kutoka Bamba hadi Mtopanga ni mbali. Ndugu zake walipiga simu kusema kwamba kila siku saa kumi anaonekana akitoka makaburini, amevaa suti aliyozikwa nayo, akishika njia ya Mariakani kwa haraka. Saa kumi na nusu hayupo tena, na kesho yake anaanzia palepale pa mwanzo. Mkewe, Mama Judy, alisikiliza simu hiyo hadi mwisho. Alifungasha sufuria zake, akamwachia binti yake kibanda cha mboga, akapanda gari kwenda Bamba. Siku ya kwanza alimngoja kwenye jiwe la kaburi na chupa ya chai. Tsofa alipotoka na kuanza kukimbilia barabarani, alimwita, "Unakwenda wapi na mimi niko hapa?" Tangu siku hiyo hajakimbia tena.

Ijumaa ya wiki ile ya kwanza, Mbeyu alirudi kutoka Shanzu akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda cha babake kabla saa kumi haijafika. Alitaka kumwambia akiwa katika kifua chake cha kila siku, si kile kingine.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mashine ya langoni ilikuwa ikikata nusu saa. Kila siku, kwa kila mtu. Kilichozidi saa nzima ilikitupa. Mimi ndiye niliyeiandika."

Mzee Ziro alitazama dari ya mabati. Alingoja kikohozi kipite.

"Mwanzoni tulitoka saa kumi," alisema. "Mwaka wa pili kengele ikasogezwa, tukawa tunatoka saa kumi na nusu. Kadenge akasema, jamani, tumefanya nane na nusu, mashine inasema nane. Watu wakaanza kunung'unika. Nikasimama mimi, mbele ya wote. Nikasema binti yangu hawezi kukosea hesabu. Kadenge akanyamaza. Kwa kuwa Kadenge alinyamaza, na wengine wakanyamaza."

Mbeyu alianza kulia. Babake alimpa pembe ya shuka.

"Hukujua," alisema.

"Sikujua. Lakini nilipaswa kujua."

"Hata mimi nilipaswa kujua. Nilikuwa na vidole vya kuhesabia, na jua nililiona. Kadenge nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe."

"Naweza kuzihesabu, Baba. Siku zote zimo kwenye mashine. Naweza kukuambia umebakiwa na nusu saa ngapi."

Mzee Ziro aliushika mkono wake. "Usinihesabie, mwanangu. Nimehesabiwa vya kutosha."

Kisha saa ikafika kumi. Akaondoa shuka, akavaa viatu, akatembea moja kwa moja hadi kwa Kadenge, akamkuta anaelekea kwenye ngazi. Walisema nini, hakuna aliyesikia. Walionekana wote wawili juu ya paa, wakipigilia bati moja.

Jumatatu Mbeyu aliomba ruhusa hotelini, akaenda Mwakirunge ofisini kwa kampuni. Alipokewa na Brandon, msimamizi wa vibarua, kijana mpole mwenye miwani, ambaye alimkaribisha kiti na kumtilia chai kwa mkono wake. Mbeyu aliweka mezani karatasi mbili: hesabu ya toleo la pili na hesabu ya toleo la tatu.

"Ee, hii tunaijua," Brandon alisema. "Iligunduliwa zamani, kabla yangu. Iko kwenye faili." Alivuta faili, akamwonyesha. Ilikuwa barua ya mwaka wa pili wa mashine ile. Ilieleza kwa Kiswahili safi kwamba mashine haihesabu kisichotimia saa nzima, na kwa sababu hiyo inapendekezwa muda wa kutoka usogezwe mbele kwa nusu saa. Chini palikuwa na sahihi mbili.

Mbeyu aliisoma mara mbili. "Kwa hiyo kengele ilisogezwa kwa ajili ya hili."

"Ndivyo inavyosema."

"Na sasa? Toleo jipya halitupi tena."

"Tumelichukua toleo jipya wiki iliyopita, kompyuta ya zamani ilikuwa imechoka. Fundi wetu akaongeza mkwaju mmoja pale. Ni huria, au sivyo? Mtu anaruhusiwa kuibadilisha."

"Anaruhusiwa," Mbeyu alisema.

"Tunawashukuru sana kwa kazi yenu." Brandon alimsogezea sukari. "Nimesikia wazee wetu wanazipata zile nusu saa zao. Mzee Kadenge nilimwona juu ya paa. Nilifurahi, kwa kweli."

Mbeyu alipiga picha ya barua ile kwa simu, na Brandon hakumzuia. Aliichapisha, akaipeleka kwa afisa wa kazi, ambaye aliipokea, akaigonga mhuri, akaiweka juu ya nyingine. Akaipeleka pia kwa mwanasheria mmoja karibu na mahakama za Shanzu, aliyemwuliza kama wale wazee walisaini kadi zao za kila mwezi. Walisaini. Mwanasheria alifunga kalamu yake.

Aliporudi aliwasimulia wazazi wake. Winfred alitukana kidogo, kwa Kigiriama, kisha akaomba msamaha kwa Mungu. Mzee Ziro alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

"Walioko pale sasa," aliuliza, "nao wanatoka saa kumi na nusu?"

"Saa kumi na nusu, Baba."

"Na mashine inasema?"

"Nane."

Alhamisi saa tisa, Mzee Ziro alimwambia Mbeyu amwitie tuktuk. Winfred alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi na kifua hicho?"

"Timboni."

"Nusu saa hii walikunyang'anya mara moja, Baba Mbeyu. Nimekaa nayo siku tisa. Siku tisa nimekuwa na mume anayenibebea maji na kunitania. Leo unawapelekea walewale?"

"Siwapelekei wao."

"Unampelekea nani?"

Mzee Ziro alikuwa ameshika nguzo ya mlango, akitafuta pumzi ya jibu. "Kuna mtu yuko pale sasa hivi," alisema hatimaye, "anapigwa na jua kwa dakika zisizo zake wala za mtu. Nataka akae chini, basi."

Winfred alishusha mikono kiunoni. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na chupa kubwa ya chai, mkeka chini ya kwapa, na leso mpya kiunoni. "Jumatatu na Alhamisi tu," alisema, akipanda tuktuk kwanza. "Siku nyingine ni zangu."

Kadenge alifuata kwa bodaboda, na wengine wanne nyuma yake. Walifika langoni saa kumi kasoro dakika mbili, wakikohoa, wakishikilia ukuta. Mutua, mlinzi, aliwajua wote. Saa kumi walisimama wima, wakamwamkua, wakapita. Mutua aliandika majina yao kwenye daftari la wageni, na pale pa sababu ya kuja akaandika "kazi".

Timbo lilikuwa jeupe kama ndani ya yai. Wanaume walikuwa wakikata mawe kule chini, na kando wanawake watano wakivunja kokoto kwa nyundo, nyuso zao zimepakwa vumbi hadi kope. Mzee Ziro alikwenda kwa wa kwanza, mama wa makamo aitwaye Mwidani, akamnyoshea mkono.

"Nipe nyundo, dada. Kakae."

"Nikae, nani atanifanyia?"

"Mimi."

Mwidani alimtazama kidogo tu, kwani habari za wazee wa Mtopanga zilikuwa zimefika. Akampa nyundo. Winfred alikuwa ameshatandika mkeka kwenye kivuli cha lori na kumimina chai. Mwidani akaja, akaketi, akanyosha miguu. Kadenge alichukua sururu ya kijana mmoja aliyekuwa akitetemeka mikono. Mmoja mmoja, watu sita wakapanda kutoka shimoni wakaja kivulini, na wazee sita wakashika vyombo vyao na kuendelea palepale walipoachia. Mkono wa Mzee Ziro haukuwa umesahau. Nyundo ilishuka kwa mwendo mmoja, bila haraka, na kokoto zikatoka za saizi moja.

Brandon alitoka ofisini, akasimama barazani, akatazama. Kazi ilikuwa ikifanyika. Akarudi ndani.

Mbeyu, aliyekuja nao kwenye tuktuk, alisimama karibu na mashine ya langoni. Ilikuwa ileile, kifuniko chake tu ndicho kipya. Saa kumi na nusu kengele ililia. Wafanyakazi walipanga foleni, wakagusa kadi zao mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja kioo kidogo kilionyesha nane. Alikitazama mpaka mtu wa mwisho. Kule chini wazee walikuwa wameketi juu ya mawe, kila mmoja na kikohozi chake. Mutua na Mbeyu waliwapandisha kwa zamu, na Winfred akamfuta mumewe vumbi usoni kwa pindo la leso, polepole, kuanzia kwenye nyusi.

"Umeridhika?" alimwuliza.

Mzee Ziro alikohoa. Alionyesha mkekani kwa kidevu.

Mwidani alikuwa amelala. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, kikombe cha chai kando yake hakijanywewa hata nusu. Wenzake walikuwa wameshapanda kwenye lori lilelile, la kuwarudisha mjini, wakimtazama kutoka juu. Dereva alikuwa ameshika usukani na injini inanguruma. Aliinua mkono apige honi, akaushusha. Kisha akazima injini, na wote wakangoja.